Kuuza vyombo vya ndani mtandaoni hapa Arusha: nianzie wapi, na nijilinde vipi?

Mwalimu Mstaafu, Sakina

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninaishi Sakina katika nyumba ya vyumba vinne ambamo mimi na mume wangu tumelea watoto watano. Watoto wote wameshaondoka, na mwisho wa mwaka huu tunahamia kijijini kwa mume wangu, Machame, ambako tumejenga nyumba ya vyumba viwili. Kuna vitu ambavyo haviwezi kuingia katika nyumba ile: friji kubwa ya milango miwili, makochi ya watu saba, kabati la nguo la mninga lenye milango mitatu, kabati la vyombo la vioo, vitanda viwili vya futi tano kwa sita pamoja na magodoro yake, televisheni ya inchi 32, simu mbili ambazo watoto waliziacha, na cherehani ya kukanyaga ambayo nilishonea sare za shule kwa miaka mingi ili kuongezea mshahara. Fedha itakayopatikana tumeipangia tenki la maji na mabomba ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, kwa hiyo kila shilingi ina kazi yake.

Wiki iliyopita alikuja dalali. Alizunguka sebuleni na vyumbani, akagonga kabati kwa kidole, kisha akataja bei moja ya vitu vyote kwa pamoja: shilingi 700,000. Kabati hilo lilitengenezwa na fundi wa Ngarenaro mwaka 2004, kwa mbao nilizokwenda kuzichagua mwenyewe, na mpaka leo milango yake inafungwa bila kusukumwa. Nilimshukuru nikamwambia tutawasiliana, lakini usiku sikulala vizuri.

Binti yangu aliyeko Dodoma ananishauri niuze mtandaoni, kitu kimoja kimoja. Sijawahi kufanya hivyo. WhatsApp na Facebook ninazitumia kwa mawasiliano ya familia na ya jumuiya ya kanisa tu. Naomba mnieleze nitangaze wapi, nipange bei kwa kigezo gani, nimpokee vipi nyumbani mtu nisiyemjua, na fedha niipokee kwa njia ipi. Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote. Huku kwetu mtu akionekana anatoa vyombo nje, watu husema mambo yamemharibikia. Mume wangu linamuumiza sana, na sijui nimjibu nini.


Mama wa Soweto, Moshi

Shikamoo Mwalimu. Mwaka juzi nilihama kutoka nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu kwenda ya chumba na sebule, nikauza karibu kila kitu kwa simu yangu hii hii, kwa hiyo nitakueleza nilivyofanya, pamoja na mahali nilipokosea.

Tangazo langu la kwanza lilikuwa na picha moja niliyoipiga usiku chini ya taa, na maneno yasemayo, “Nauza kabati zuri, bei nafuu, anayehitaji anipigie.” Nilipata simu nyingi na mnunuzi sikumpata. Kila aliyepiga aliuliza bei, akauliza ukubwa, akauliza ni mbao gani, akaniambia atarudi, na hakurudi. Wiki ya pili nililifuta nikaandika upya: kabati la nguo la milango miwili, mbao ya mkongo, urefu futi sita, upana futi nne, limetumika miaka minane, kitasa kimoja kimebadilishwa, lipo Soweto karibu na barabara, bei shilingi 220,000 na maongezi yapo, usafiri ni wa mnunuzi. Siku ya tatu lilichukuliwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika pamoja na mwenzake. Walikuja na futi ya kupimia, kwa sababu vipimo walikuwa wameshavisoma na walitaka kuhakikisha tu.

Kuhusu picha, Mwalimu, subiri asubuhi mwanga ukishaingia, fungua mapazia, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha piga kitu kizima kwa mbele, kwa ubavu, na kikiwa wazi ndani. Baada ya hapo piga picha ya kasoro. Mimi nilikuwa na meza ya chakula iliyoungua kwa pasi, alama yenye umbo kamili la pasi, ncha yake ikielekea ukingoni. Nilitaka kuifunika kwa kitambaa, lakini dada yangu akanikataza, nikaipiga picha kwa karibu na kuiweka ya pili baada ya ile ya meza nzima. Mama aliyeinunua aliniambia kwamba alama ile ndiyo iliyomfanya aniamini, kwani aliona kwamba kama ningekuwa na la kuficha ningelificha hilo.

Bei nilipanga kwa kutembea. Nilipita kwenye maduka ya samani nikauliza bei ya kitu kipya kinachofanana na changu, nikapita masoko ya Memorial na Mbuyuni kusikia vilivyotumika vinauzwaje, kisha nikatazama matangazo ya watu wengine mtandaoni, nikijua kwamba bei ya tangazoni ni ya kuanzia na mnunuzi atauliza tu, “Mwisho ngapi?” Kwa hiyo weka nafasi ya kushuka, lakini usiweke kubwa mno, maana wengi wakiona bei imepaa hawaulizi kabisa. Kabati lako la mninga lina thamani isiyoshuka haraka. Mbao za unga wa mbao zilizobanwa zikishanyonya maji ya kudekia huvimba miguuni na hakuna anayezitaka, ila mninga wa mwaka 2004 ukipigwa msasa na vanishi unarudi kama mpya. Liandike neno “mninga” mwanzoni kabisa mwa tangazo. Magodoro ni magumu zaidi, kwa sababu watu wanaogopa kunguni, na wana haki ya kuogopa. Yaanike juani siku mbili, yageuze, na mruhusu mnunuzi avue foronya aangalie mishono yote.

Wakati nao una maana. Vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, na hapo vitanda, magodoro na meza ndogo huondoka kwa kasi, upande wenu kwa wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu na Chuo cha Ufundi, na huku kwetu kwa wa Ushirika na KCMC. Desemba watu wanapanda kuja nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, wengi wakitafuta vitu vya kujazia nyumba za kijijini, kwa hiyo friji na makochi yako yatangaze kabla ya katikati ya mwezi huo. Januari usitegemee kitu, maana fedha yote ni ada. Na katika mwezi wowote, anza kutangaza kuanzia tarehe 25, mishahara inapoanza kuingia.

Kwa kuanzia weka kwenye stetasi yako ya WhatsApp na kwenye kundi la jumuiya, kwa sababu mnunuzi wa kwanza mara nyingi ni mtu anayekufahamu. Baadaye ndipo uende kwenye makundi ya Facebook ya kununua na kuuza ya Arusha, na kwenye Jiji, ambayo mwaka 2019 ilichukua biashara ya OLX hapa nchini, na watu wengi bado wanaitafuta kwa jina lile la zamani.


Fundi Majokofu, Ngarenaro

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa friji, na pia ninanunua na kuuza vitu vilivyotumika, kwa hiyo kidogo ninamwelewa yule dalali. Akinunua vyote kwa pamoja analipa usafiri, analipa stoo, anatengeneza vilivyoharibika, na vingine vinamlalia miezi sita. Hata hivyo shilingi 700,000 kwa orodha uliyoitaja ni bei ya kumtegemea mtu mwenye haraka, na wewe una muda mpaka mwisho wa mwaka. Muda ndio mtaji wako katika jambo hili, usiuachie.

Friji ndicho kitu kitakachokupa fedha nzuri, na ndicho ambacho watu hukiharibu wakati wa kukiuza. Izime, barafu iyeyuke yenyewe. Nakusihi usitumie kisu wala bisibisi kubandua barafu, kwa sababu bomba la gesi lililo nyuma ya ule ukuta wa ndani ni jembamba sana, na tundu dogo tu linatosha kuiua friji iliyokuwa nzima. Isafishe kwa maji ya uvuguvugu na magadi, ukianza na mipira ya milango ambamo uchafu mweusi hujificha. Kisha jaribu mipira: bana karatasi mlangoni, funga, uivute, ikitoka bila kukaza, mpira umechoka, nunua mwingine au uliandike hilo kwenye tangazo. Siku mnunuzi anapokuja, iwe imewashwa tangu usiku, na uweke bakuli la maji ndani ya friza ili akifungua aone barafu kwa macho yake. Friji iliyozimwa ikiwa kavu kila mnunuzi huihesabu kuwa mbovu, na hutoa bei ya mbovu.

Wakati wa kuichukua, mwambie aisafirishe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kwenye mota hukimbilia kwenye mabomba, na akiiwasha papo hapo anaweza kuiua mota na kurudi kukudai. Kama ni lazima ilale, aisimamishe nyumbani kwake na kuiacha saa nyingi, hata usiku mzima, kabla ya kuchomeka kwenye umeme. Mwambie hivyo mbele ya shahidi, kwa upole.

Kabla hujatangaza lile kabati, pima mlango wa chumba. Mafundi wetu wa zamani waliunganisha makabati kwa ulimi na gundi, si kwa skrubu, na mengi yalitengenezwa humo humo ndani. Nimeshuhudia kabati la mninga likikatwa msumeno kwa sababu halikupita mlangoni baada ya kununuliwa, na mnunuzi akadai arudishiwe nusu ya fedha. Kama halipiti, tafuta fundi alifungue kwa taratibu na uliandike kuwa linafunguka. Usafiri wa kutoka Sakina ni guta kwa vitu vidogo na kirikuu kwa makochi na friji. Sema wazi katika tangazo kwamba ni juu ya mnunuzi, na wapakizi pia.

Televisheni ionyeshe ikiwa inawaka na kuonyesha kituo, na rimoti yake iwepo. Cherehani itie mafuta, na mnunuzi akifika mshonee kipande cha kitambaa mbele yake. Cherehani za chuma za kukanyaga zinatafutwa sana na mafundi wa vijijini, hasa mahali umeme unapokatika mara kwa mara.


Wakala, Kijenge

Mwalimu, pole na majukumu ya kuhama. Nina kibanda cha kutoa na kuweka fedha, nitazungumzia malipo peke yake, kwa sababu hapa ndipo watu wazima na wenye akili zao wanapolia mbele yangu kila mwezi.

Dada yangu alikuwa anauza televisheni. Alikuja kijana nadhifu na mwenzake, saa kumi na mbili jioni, wakaitazama, wakakubaliana bei ya shilingi 250,000. Kijana akabonyeza simu yake, na muda huo huo ujumbe ukaingia kwenye simu ya dada: umepokea shilingi 250,000, jina la mtumaji, tarehe, saa, kumbukumbu namba, salio jipya. Walibeba televisheni wakaondoka kwa bodaboda. Alipokuja kwangu kesho yake kutoa fedha, salio lake lilikuwa shilingi 3,400. Ujumbe ule ulitumwa kutoka namba ya kawaida ya simu, na ulikuwa umenakiliwa neno kwa neno, nukta kwa nukta. Salio jipya lililoandikwa halikulingana na alilokuwa nalo, lakini nani husoma mpaka mwisho wakati mgeni amesimama mlangoni ameshika kamba ya kufungia mzigo?

Kwa hiyo, Mwalimu, ujumbe si malipo. Malipo ni salio. Kabla kitu hakijavuka kizingiti, ingia mwenyewe kwenye menyu, *150*00# kama ni M-Pesa au *150*60# kama ni Airtel Money, weka namba ya siri, uangalie salio. Inachukua chini ya dakika moja, na mnunuzi mwema husubiri. Akianza kukuharakisha kwamba kirikuu kinamdai au mvua inakuja, mwache aende. Afadhali upoteze mteja.

Kuna namna nyingine nyingi. Mtu anasema ametuma 350,000 badala ya 250,000 kwa bahati mbaya, anakuomba umrudishie 100,000 haraka. Hapo hakuna chochote alichotuma, na hiyo 100,000 itakayotoka ni yako. Mwingine anajitambulisha kuwa yuko mbali, amekipenda kitu, anaomba utangulize nauli ya gari litakalokuja kukichukua, nawe ndiye muuzaji. Mwingine anasema anataka kuhakikisha kwamba wewe si tapeli, kwa hiyo anakuambia zitaingia tarakimu sita kwenye simu yako na kukuomba umsomee. Zile ni tarakimu za kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake, na ukizisoma tu ataanza kuwaandikia watoto wako akiwaomba fedha kwa jina lako. Na ukipata ujumbe wa “ile hela tuma kwa namba hii” wakati unasubiri kulipwa, usiujibu. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kutoa taarifa za namba za matapeli. Utume ujumbe huo huko, kisha namba iliyokutumia. Ni vizuri pia kupiga *106# kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ili uwe na hakika kwamba hakuna anayetumia jina lako.

Mnapokubaliana bei, malizeni na suala la ada ya kutolea. Mwambie tangu mwanzo, “Weka na ya kutolea,” la sivyo utaikata kwenye fedha ya tenki.

Zile simu mbili zina mambo yake. Piga *#06# upate namba ya IMEI ya kila moja, kisha itume kwenda 15090 kuona kama simu ni halisi, kwa sababu tangu Juni 2016 simu zenye namba bandia zimefungiwa kwenye mitandao hapa nchini, na mnunuzi mwerevu ataliuliza hilo. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Waambie watoto waondoe akaunti zao za Google kwenye simu kabla ya kufuta kila kitu, kwa sababu simu ikifutwa akaunti ikiwa bado ndani, inaweza kumdai mnunuzi nywila ya mwanao kila anapoiwasha, na kwake itakuwa haina kazi.

Kuhusu kupokea watu: mchana tu, na usiwe peke yako. Vitu vinavyobebeka vitolewe barazani kabla hawajafika, ili wasipite vyumbani kama yule dalali alivyopita. Katika picha usionyeshe geti, madirisha wala namba ya nyumba, na usiandike kamwe kwamba mnahama tarehe fulani na nyumba itabaki tupu. Kwa kila kitu cha thamani andikeni karatasi mbili, moja yako na moja yake: majina, namba za simu, kitu chenyewe na alama zake, bei, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi, na kwa kitu kikubwa mnaweza kumwomba mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Karatasi hiyo inamlinda hata mnunuzi, kwa sababu kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na mtu anayebeba friji barabarani jioni bila maandishi yoyote anaweza kusimamishwa akaulizwa ameitoa wapi.


Mzee wa Tengeru

Mwalimu, habari za ustaafu. Wenzangu wameeleza ya biashara, nami nitasema kuhusu mzee mwenzangu, mumeo.

Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokaribia kufungwa hapa Arusha, ikafungwa Desemba 2015, wafanyakazi wake walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na vyombo vikiuzwa uani kwao, Njiro na kwingineko. Meza ninayolia chakula mpaka leo niliinunua huko. Hakuna aliyesema watu wale wamefilisika. Walikuwa wanahama, na kila mtu alijua wanahama. Maneno huzaliwa pale jirani anapoona kabati linatoka bila kuambiwa sababu, naye anajitafutia sababu yake.

Kwa hiyo mshauri mzee apite yeye mwenyewe kwa majirani wa karibu, kabla ya tangazo la kwanza, awaambie kwamba anarudi kwao Machame, nyumba imekamilika, na kuna vitu ambavyo asingependa viende mbali kama wao wanavihitaji. Yeye ndiye atakayekuwa ameanza kusema. Na kabla hata ya majirani, waulizeni watoto. Usije ukauza cherehani, kisha wakati wa Krismasi mmoja wao akakuuliza cherehani iko wapi.


Mama wa Soweto, Moshi

Ninamheshimu mzee, na suala la majirani amelisema vizuri, ila naomba nirekebishe hata ushauri wangu wa kwanza, maana kuna jambo nililisahau. Nilipoanza na watu ninaowafahamu, vitu vilikwenda haraka na fedha ikachelewa. Shemeji yangu alichukua jiko la gesi kwa ahadi ya mwisho wa mwezi; imepita miezi kumi na tano. Mwenzetu wa jumuiya alichukua makochi kwa mafungu matatu, akalipa moja, na sasa tukikutana kanisani kila mmoja wetu anatafuta njia ya kutomtazama mwenzake. Mgeni wa mtandaoni alinilipa yote kabla ya kushika kitu.

Kwa hiyo, Mwalimu, wape wa karibu nafasi ya kwanza ya kuchagua, lakini usiwape kwa mkopo. Kama unataka kumsaidia mtu, mpe kitu bure au mpunguzie bei mbele ya macho yake, kisha fedha iliyobaki ailipe siku hiyo hiyo. Kilichonigharimu zaidi katika kuhama kwangu ni lile deni la makochi, kwa sababu nimepoteza fedha na nimempoteza rafiki.


Mwalimu Mstaafu, Sakina

Ndugu zangu, ni wiki ya nne tangu niandike, na ninaona ni wajibu wangu kuwaeleza tulipofikia.

Mume wangu alisoma maneno ya Mzee wa Tengeru mara mbili. Jumapili iliyofuata alivaa koti lake akapita nyumba sita za majirani. Alirudi saa nane mchana ameshiba chai, na kabati la vyombo lilikuwa limeshapata mwenyewe, mama wa nyumba ya tatu, aliyelipa shilingi 150,000 taslimu Jumatatu asubuhi na kulibeba na wanawe kwa mikono.

Kabati la mninga nililipima kama fundi alivyosema. Mlango una inchi 32, na kabati kwa upande wake mwembamba lina inchi 24, kwa hiyo lilipita, ingawa ilibidi kung'oa mlango kwenye bawaba. Nilitangaza kwa shilingi 450,000, likaondoka kwa 380,000 kwa kijana anayejenga Usa River. Friji ilikwenda kwa 420,000. Mnunuzi alifungua friza, akakuta bakuli limeganda, akaligeuza juu chini akaona barafu haidondoki, na kuanzia hapo hakuuliza tena kama ni nzima. Televisheni imeuzwa kwa 170,000. Kwa vitu vinne tumepata shilingi 1,120,000, na karatasi za mauzo nimezihifadhi kwenye bahasha pamoja na hati za nyumba.

Mara moja tu nilitumiwa ujumbe wa uongo, siku ya televisheni, na mtu tofauti na aliyeinunua. Niliingia kwenye menyu mbele yake nikaangalia salio, nikamwambia fedha haijafika. Alisema mtandao una tatizo, akaenda kuongea na simu barabarani, hakurudi. Mikono ilinitetemeka kwa muda mrefu baada ya hapo. Wakala, Mungu akubariki wewe na dada yako.

Cherehani nimeiondoa kwenye orodha. Nilipoitia mafuta na kushona kipande cha kitambaa ili niipige picha, ilikimbia vizuri mno, na mume wangu akachukua futi akapima chini ya dirisha la nyumba ya Machame, katika ramani aliyoichora mwenyewe. Inaingia.

Tatizo lililobaki ni makochi ya watu saba. Nimetangaza kwa shilingi 350,000, watu wanauliza na hawaji. Mbao zake ni nzima, ila kitambaa kimepauka upande wa dirishani na sponji ya kochi la watu watatu imelala. Je, niyapeleke kwa fundi yabadilishwe kitambaa kabla ya Desemba, au nishushe bei?


Fundi Majokofu, Ngarenaro

Mwalimu, usiyapeleke kwa fundi. Kitambaa, sponji na ufundi vitakula zaidi ya utakachoongeza kwenye bei, na rangi utakayochagua wewe huenda mnunuzi haitaki. Yatenganishe. Makochi mawili ya mtu mmoja mmoja yatangaze kama jozi, yaelekeze kwa wanafunzi na wanaopanga chumba kimoja, kwa sababu seti nzima haiingii chumbani kwao. La watu wawili liuze peke yake. Lile la watu watatu andika wazi kwamba sponji imelala na mbao ni nzima, upige picha ya mbao kwa chini baada ya kuligeuza, na ulitangaze kwa bei ya mbao. Mafundi wa makochi wananunua fremu kama hizo, na kuna wawili ninaowafahamu Mianzini ambao nitawaambia leo jioni waje walitazame Jumamosi, saa nne asubuhi, mzee akiwepo.